Neno Gumu Lina Ukoo

Mwaka 1604 mwalimu mmoja wa Uingereza, Robert Cawdrey, alichapisha London kitabu chembamba chenye maneno yapatayo 2,500. Ndicho kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hakikukusudiwa kueleza maji, mkate wala kwenda. Kilibeba maneno magumu, yale yaliyoingia kutoka Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na kwingineko, na Cawdrey alitamka wazi kwamba anawaandikia mabibi wa kiungwana na watu wengine wasio na elimu kubwa, wapate kuelewa wanachosikia kwenye mahubiri na wanachosoma vitabuni. Hata mpangilio wa alfabeti ilimbidi awaelekeze: neno likianza na herufi ya kwanza, litafute mwanzoni mwa kitabu.

Wenye lugha, wakiwa kwao, walihitaji mtu wa kuwafasiria lugha yao. Hilo hunijia kila ninapomwona kijana wetu ameinamia orodha ya maneno mia tano ya Kiingereza, anatikisa miguu chini ya meza, anarudia neno moja mara ishirini, kesho yake limetoroka. Anajiona ana kichwa kizito. Kumbe anahangaika na kitu ambacho mke wa mkulima wa Kiingereza miaka mia nne iliyopita alikihangaikia vilevile, kwa sababu ileile.

Sababu hiyo si urefu. "Notwithstanding" ni neno refu, lakini ukilikata vipande unalielewa nusu papo hapo. "Moot" lina herufi nne na linawashinda watu wenye shahada. Matamshi na tahajia zinachosha, ni kweli, ila hayo ni ya mwezi mmoja au miwili. Ugumu wenyewe umejificha kwenye ukoo wa maneno: Kiingereza kimeyatenga maneno ya maana moja yasifanane sura, hata mgeni hawezi kujua nani ni ndugu wa nani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari, akaiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa watawala, mahakimu na wenye mashamba makubwa wakawa wanazungumza Kifaransa huku wachungaji na wapishi wakiendelea na Kiingereza chao. Mfano unaopendwa na walimu ni wa nyama: mnyama akiwa zizini ana jina la Kiingereza cha kale, "pig" au "sheep", akifika mezani anakuwa "pork" au "mutton", majina ya Kifaransa. Baadaye, karne ya 16, wasomi waliokuwa wakisoma Kilatini na Kigiriki wakamwaga maneno mengine maelfu. Lugha ikajikuta na ghorofa tatu. Kuuliza kwa kawaida ni "ask", la wenyeji. Kuuliza kwa kudadisi ni "question", la Kifaransa. Kuuliza kwa kubana, polisi na mshukiwa, ni "interrogate", la Kilatini.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa hapa, maana nyumba yetu nayo ina ghorofa. Tunauliza, tunahoji, tunasaili: la kwanza ni la Kibantu, mawili ya pili yamekuja na Kiarabu, na kila moja lina mahali pake. Huwezi kumhoji mtoto kama amekula. Huwezi kusema mgombea kazi ameitwa kuulizwa, utasema ameitwa kwenye usaili. Mbuzi amekufa, mzee amefariki. Na hiyo "kufariki", ukiifuata hadi kwenye Kiarabu, ni kuachana, kutengana. Waingereza nao wamelifunika neno lao zito la kifo kwa "depart", kuondoka, walilolipata kwa Wafaransa. Lugha mbili zisizojuana zimekwenda kuazima stara ileile kwa jirani.

Kwa hiyo hisia ya kwamba neno la kuazima ni la heshima zaidi, la kitabuni zaidi, baridi zaidi, tunayo tayari. Ni mtaji mkubwa na sijaona mwalimu anayeutumia darasani. Mwanafunzi anaambiwa "commence" ni kuanza na "begin" ni kuanza, basi. Angeambiwa kwamba moja liko kwenye kadi ya mwaliko na jingine liko jikoni, angelishika siku hiyohiyo.

Tunapopotea ni kwenye jambo jingine. Kiswahili hakifichi sana undugu wa maneno. Chukua "andika". Mwandishi, maandishi, uandishi, andiko, mwandiko, andikia, andikisha, uandikishaji: mtoto wa darasa la tatu anaona kwamba wote wametoka tumbo moja. Mwingereza anayeandika anafanya "write", lakini maandishi ya mkono ni "manuscript", karani wa kale ni "scribe", kueleza jambo ni "describe", na habari za maisha ya mtu zilizoandikwa ni "biography". Hakuna hata moja linalofanana na "write". Yale matatu ya kwanza yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuandika, na la mwisho limebeba kitenzi cha Kigiriki cha kuandika. Mwezi ni "moon", lakini mambo ya mwezi ni "lunar". Mbwa ni "dog", lakini jino lake ni "canine". Ni kama ungezaliwa kijijini ambako kila ndugu amebadilisha jina la ukoo na hakuna anayekwambia.

Anayekariri orodha anapokea maneno hayo kama yatima, mmoja mmoja. Anayejifunza koo anapokea familia. Shika ile "scribe" kwa siku moja, uipe vichwa tofauti. "Inscribe" ni kuandika ndani, kuchonga kwenye jiwe. "Transcribe" ni kuandika kwa kuhamisha, kama sauti kwenda kwenye karatasi. "Subscribe" ni kuandika chini, yaani kutia jina chini ya makubaliano, na ndiyo maana leo mtu anayejiunga na gazeti au chaneli anafanya tendo hilohilo. "Prescribe" ni kuandika mbele, kuagiza, kazi ya daktari. "Proscribe" ni kuandika hadharani, nalo lina damu: mwaka 82 kabla ya Kristo, mtawala wa Roma aitwaye Sulla alibandika orodha za majina ya maadui zake, na aliyeandikwa humo aliweza kuuawa na yeyote. Tangu hapo neno hilo linabeba maana ya kupiga marufuku. Herufi moja inatofautisha dawa uliyoandikiwa na dawa iliyopigwa marufuku. Ni vizuri kujua ipi ni ipi.

Au anza na ugonjwa tunaoufahamu kuliko wengi. "Malaria" ni Kiitaliano, hewa mbaya, kwa kuwa watu wa zamani waliamini homa inaletwa na mvuke wa vinamasi. Kile kipande cha mwanzo, "mal", ndicho kilichokaa kwenye "malnutrition", lishe mbaya. "Malpractice", utendaji mbaya wa daktari au wakili. "Malfunction", mashine inapoharibika. "Malevolent", mwenye nia mbaya. Mtu aliyewahi kutetemeka na homa hiyo akiwa mtoto ana ufunguo mfukoni.

Na kuna mlango mwingine ambao vitabu vya orodha, vilivyoandikwa kwa ajili ya Wamarekani, haviwezi kuujua. Pwani yetu na Ulaya zimekula kwenye sahani moja ya Kiarabu. "Monsoon", upepo wa majira, ni "mausim" ya Waarabu iliyopitia kwa Wareno. Kwetu ikawa msimu. "Tariff", orodha ya ushuru, ni ndugu wa taarifa. "Cipher", maandishi ya siri, na "zero" vimetokana na neno lililotupa sifuri. "Alcove", kile kijichumba kilichoingia ukutani, ni al-kubba, kuba yetu ya msikiti. "Calibre", kipimo cha mdomo wa bunduki na siku hizi kipimo cha ubora wa mtu, ni kalibu ya mhunzi. "Magazine" ni ghala kabla haijawa jarida. London ilianza kuona jarida lenye jina hilo mwaka 1731, kwa wazo kwamba ni ghala la habari, na mzizi wake ndio uliotupa hazina. Mzee wa Lamu asiyejua Kiingereza anamiliki nusu ya maneno hayo bila kujua.

Lakini ukoo unaweza pia kudanganya, na mwenye kuupenda sana hudanganywa zaidi. "Nadir" kwa Kiingereza ni kiwango cha chini kabisa. Mswahili atakimbilia kusema ni "nadra", kitu adimu. Sivyo. Ni jamaa wa mandhari na nadharia, kutoka kwenye neno la wanajimu wa Kiarabu la upande uliokabiliana na utosi wa mbingu. "Inflammable" nalo limewaponza wengi: kile "in" cha mwanzo kinaonekana kama cha kukanusha, mtu akadhani kitu hicho hakishiki moto, kumbe kinashika moto vizuri kabisa. Watu wa usalama wa moto waliona hatari hiyo, wakalisukuma mbele neno "flammable". Na "nice", tunalolitumia kusifia chai, lilianza kwenye Kilatini likimaanisha asiyejua kitu. Mzizi unakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe, na njia ya kuitafuta ni kuliona neno kwenye sentensi za watu.

Sasa, maneno yenyewe ni mangapi? Hapa pana hesabu za kuaminika. Mwaka 1953 Michael West, aliyewahi kufundisha Bengal, alitoa orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Mwaka 2006 Paul Nation wa New Zealand alikadiria kwamba msomaji anayetaka kutambua asilimia 98 ya maneno ya riwaya au gazeti anahitaji koo kati ya 8,000 na 9,000, akihesabu neno pamoja na vinyambuliwa vyake kuwa ukoo mmoja. Asilimia 98 inasikika kama anasa. Lakini hata hapo kuna neno geni moja katika kila maneno hamsini, yaani kadhaa kila ukurasa.

Ukibaki na yale 2,000 ya West, ukifungua kitabu cha chuo utayatambua karibu maneno manne kati ya matano. Wengi husema, si mbaya. Hebu tuijaribu kwa Kiswahili: "Asubuhi ______ alifika ofisini mapema, akafungua ______ la meza, akatoa karatasi zote ______ na kuanza kuzisoma moja moja kwa ______." Unajua asilimia themanini ya sentensi hiyo. Ni nani huyo, bosi au mwizi? Anasoma kwa furaha, kwa hofu au kwa hasira? Kila kilicho muhimu kimo ndani ya mashimo. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, mpango uliowekwa mwaka 1967, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, anaishi ndani ya mashimo hayo. Ripoti ya Criper na Dodd ilieleza mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kubebea masomo yao. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa.

Na mashimo si sawa yote. Watafiti wa Marekani, Isabel Beck na wenzake, wameyagawa maneno katika ngazi tatu: ya kila siku; ya kati, yanayotembea katika masomo yote; na ya kitaalamu, yanayokaa kwenye somo moja. Watu hudhani ngazi ya tatu ndiyo ngumu. Mimi naona ndiyo rahisi. "Photosynthesis" inatisha kwa sura, lakini mwalimu atasimama ubaoni, atachora jani na jua, atalirudia neno wiki nzima, na maana yake haibadiliki ukitoka Bukoba hadi Boston. Nani anasimama ubaoni kufundisha "whereas"? Nani anachora "assume"? Mwalimu wa Baiolojia anadhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza yuko kwenye nyakati za vitenzi. Mwaka 2000 Averil Coxhead alipekua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5, akatoka na koo 570 za ngazi hiyo ya kati. Koo hizo peke yake hufunika karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, na kwenye riwaya asilimia 1.4 tu. Kwa hiyo hata anayesoma hadithi kwa bidii hakutani nayo mara nyingi, na anayetazama filamu hukutana nayo kidogo. Kama ningekuwa na mwezi mmoja na kijana mmoja wa kidato cha pili, tungeanzia hapo, tukaacha "loquacious" na "pulchritude" yakae kwenye jua.

Kujua maana nayo ni hadithi. Nikiwa kidato cha pili nilipewa heshima ya kuandika na kusoma risala ya kumuaga mwalimu mkuu aliyekuwa amehamishwa. Nilikuwa na daftari la maneno magumu, yapata mia nne, nililoandika kwa wino wa bluu na maana zake kwa wino mwekundu. Nilitaka neno zito kuliko "famous". Nikalipata: "notorious", maana yake, kwa mujibu wa daftari langu, maarufu. Nikasimama mbele ya wazazi, walimu na mgeni rasmi, nikamtangaza kwa sauti ya kukaza kuwa ni "our notorious headmaster". Meza ya walimu ikainama kama mihogo iliyopigwa na upepo. Mwalimu mkuu alinipa mkono, mtu muungwana yule. Jioni mwalimu wa Kiingereza akaniita. "Kijana," akasema, "huo ni umaarufu wa jambazi."

Daftari halikuwa limesema uongo. Lilikuwa limesema nusu. Kila neno lina kinacholengwa na lina jicho linalokitazama kitu hicho. "Childlike" na "childish" vyote ni vya kitoto, ila kimoja kinasifia na kingine kinakemea. "Thrifty" anatunza pesa, "stingy" naye anatunza pesa, na mke wake ndiye anayejua tofauti. Tunalijua hili vizuri kwa upande wetu: kula, kubugia na kufakamia ni chakula kilekile na mdomo uleule. Hakuna Mswahili atakayemkaribisha mkwe wake afakamie. Lakini kwenye Kiingereza tunaandika alama ya sawasawa katikati ya maneno mawili na kufunga daftari.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana mbali na Uingereza. A. S. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, akaona wanafunzi wake wanajua maana na bado wanakosea matumizi. Yeye na wenzake wawili wakaandaa kamusi inayoonyesha neno linavyokaa na majirani zake kwenye sentensi. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na mwaka 1948 Oxford wakaichukua. Ndiyo mama wa ile kamusi nene ya wanafunzi inayouzwa dunia nzima. Mwaka 1978 Longman wakaongeza busara nyingine, wakafafanua maneno yao yote kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Anayeweza kusoma fafanuzi hizo ahamie huko mapema. Kamusi ya lugha mbili aiweke karibu kwa dharura, kama taa ya chemli.

Kuhusu kukumbuka, sina mengi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zinavyopotea: nyingi hupotea mwanzoni kabisa, kisha mwendo unapungua. Alichagua silabi zisizo na maana makusudi, ili zisishikwe na chochote kichwani. Anayekariri orodha ya maneno yatima anarudia jaribio la Ebbinghaus bila kulipwa. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieneza mbinu ya kadi na visanduku: kadi uliyoikumbuka inasogea sanduku la mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi zaidi, uliyoisahau inarudi la kwanza. Programu za simu za leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Wanafunzi wa madrasa wanaohifadhi Kurani wamekuwa wakidurusu hivyo tangu zamani, sura ya zamani kila siku pamoja na mpya, na hakuna aliyewaita wagunduzi.

Kuna kundi moja la maneno ambalo silioni kwenye orodha yoyote ya maneno magumu, nalo ndilo lililonitoa jasho kuliko yote. Ni maneno madogo. "Put" ni kuweka. "Put off" ni kuahirisha. "Put out" ni kuzima. "Put up with" ni kuvumilia, na hapo hakuna chembe ya kuweka. Nimewajua watu wanaoandika "procrastinate" bila kosa la tahajia, wakiambiwa "don't put it off" wanatazamana. Mgeni anayejifunza Kiswahili hupata adhabu hiyohiyo kwa "piga": akishajua kwamba ni kugonga, anakuta tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki na tunapiga chafya. Sisi vilevile hugeuza kitenzi kwa mkia wake: ingia, ingiza, ingilia. Kiingereza hakina mikia hiyo, kwa hiyo kimevitawanya vijineno vyake nyuma ya kitenzi, peke yake, vikiwa vimelegea, wakati mwingine mbali na kitenzi chenyewe. Ukivitazama kama minyambuliko iliyokatika, vinaanza kuwa na adabu. "Over" katika "take over" inafanya kazi inayokaribiana na ile ya "lia" katika "ingilia". Haikai sawa kila mara, lakini ni bora kuliko kukariri elfu moja mbichi.

Wenye tamaa ya maneno makubwa kwa ajili ya ukubwa wake hawajaanza leo. Mwaka 1553 Thomas Wilson, akiandika kitabu cha ufasaha, alitunga barua ya kejeli iliyojaa maneno ya Kilatini, kuwacheka watu wa zama zake waliokuwa wakiandika kwa kile walichokiita maneno ya pembe ya wino, maana wino ulitunzwa kwenye pembe na maneno hayo yalionekana kumaliza pembe nzima. Utamu wa barua hiyo leo ni kuona nani kafa na nani kapona. "Ingent", alilomaanisha kubwa mno, limezikwa. Lakini "celebrate", "extol", "dexterity" na "mundane", ambayo Wilson aliyaona vichekesho, ni maneno ya kawaida siku hizi, mengine yapo kwenye orodha zetu za kukariri. Kicheko cha karne moja ni mtihani wa karne nyingine.

Mwaka 2006 Daniel Oppenheimer, mwanasaikolojia wa Marekani, alibadilisha maandishi kwa kuingiza maneno marefu pasipo haja, akawapa watu wayasome. Wasomaji waliwaona waandishi wa maandishi hayo kuwa na akili ndogo zaidi, si kubwa. Makala yake yenyewe aliipa kichwa cha maneno marefu kwa utani, na ikampatia Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Tunalijua somo hilo kwenye misiba na mikutano ya hadhara: msemaji anayepachika Kiarabu au Kiingereza kila baada ya neno la tatu, watu wanampigia makofi, kisha wakiwa njiani wanaulizana kasema nini.

Hata mitihani iliyozaa biashara ya orodha imejirudi. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, uliondoa maswali ya vinyume mwaka 1994, ukaondoa yale ya ulinganisho wa maneno mwaka 2005, na mwaka 2016 ukaacha kuwinda maneno adimu, ukageukia neno la kawaida kwenye muktadha wake. GRE, ule wa shahada za juu, uliacha vinyume na ulinganisho mwaka 2011. Vitabu vyake vya zamani havikupata habari. Bado vimo kwenye meza za wauza vitabu vya mitumba, vimepigwa mistari na mikono ya watu wa Ohio, na vijana wetu wanavinunua wakidhani wamepata siri.

Mwaka jana dada yangu aliniomba daftari langu la zamani kwa ajili ya binti yake aliyeingia kidato cha pili. Lilikuwa limetafunwa pembe na mende, lakini yale maneno mia nne yalikuwapo yote, bluu na nyekundu. Nililifuta "notorious" nikaliandika upya, nikampa. Baada ya wiki mbili binti akapiga simu usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vipi, daftari linasaidia?"

"Linasaidia, mjomba, ila kuna swali la Historia la kesho, la Vita vya Majimaji. Linaanza na 'account for'. Tunahesabu nini?"

Nikamwambia alifungue daftari, atafute. Nilisikia kurasa zikipinduliwa, moja moja, hadi mwisho.

"Halimo, mjomba."